Vifungo vinne vya kaki: kisa cha mahojiano tuliyoyaharibu

Klipu ya sekunde 47 ndiyo iliyotuvunjia imani ya mama mmoja wa Eastlands, Nairobi, fundi wa nguo aliyeshona maleba ya jukwaani tangu miaka ya sabini. Nimeamua kukieleza kisa chote, tangu tulipomwalika hadi leo, kwa sababu podikasti za mahojiano zimejaa Nairobi na kosa letu nalisikia kwa wenzetu karibu kila wiki. Jina lake silitaji. Aliniruhusu kuandika kwa sharti hilo, akisema jina lake limeshazungushwa vya kutosha.

Kipindi chetu kina watu watatu. Mimi nahoji, mwenzangu mmoja anarekodi na kuhariri, wa tatu anashughulikia kurasa zetu za mitandao. Tunazungumza siasa, utamaduni na sanaa kwa Kiswahili, na Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, ikiingia tunaiacha ipite. Chumba chetu kiko ghorofa ya tatu karibu na Ngara. Tumesimamisha magodoro ukutani yameze mwangwi, na tunarekodi kati ya saa nane na saa kumi alasiri, kabla honi za matatu za Thika Road hazijapamba moto.

Tarehe 28 Mei 2025 mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki. Mwezi mmoja na nusu kabla ya hapo, wasichana wa shule ya upili ya Butere walikuwa wameenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama, na polisi wakarusha vitoa machozi kwa sababu ya mchezo wao. Mambo hayo mawili yalitukaa rohoni. Tukapanga mfululizo wa vipindi vinne kuhusu jukwaa na serikali nchini Kenya.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Jumba la Kenya National Theatre, pale Harry Thuku Road, lilifunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Oktoba 1976 tamthilia ya Ngũgĩ na Micere Mugo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ilipanda jukwaa hilo. Mwaka uliofuata wakulima na vibarua wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaigiza mchezo kwa Kikuyu katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Novemba 1977 leseni ya mchezo ikaondolewa. Siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa, akawekwa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Machi 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa.

Habari za waandishi zimeandikwa sana. Sisi tulitaka wale wa nyuma ya pazia: wachora mandhari, washika taa, washonaji. Mwigizaji mmoja wa zamani akatuelekeza kwa huyu mama, aliyewashonea vikundi vidogo vya jijini, vile vilivyoigiza kwenye kumbi za kijamii na, siku ya bahati, kwenye jukwaa la taifa.

Nia yetu ilikuwa njema. Lakini karatasi yangu ya maswali bado ninayo, na nikiisoma leo naona kila kitu kilikuwa kimeshaharibika kabla mama hajapanda ngazi. Maswali ni 14. Maswali 11 ni ya serikali, mawili ni ya maisha yake, moja ni la kushona. Tulimwita fundi wa maleba tukiwa tumejiandaa kumhoji mfungwa wa kisiasa.

Dakika ya 11, ya 14 na ya 23

Tunarekodi kila maikrofoni kwa njia yake, hivyo kwenye kompyuta sauti ya mgeni na ya mhoji hukaa katika mistari miwili iliyotengana. Ni mpango wa kurahisisha uhariri, lakini unafaa pia kumhukumu mhoji. Niliketi na rekodi ile usiku mmoja baada ya mambo kuharibika, nikahesabu. Katika dakika 68, sauti yangu imechukua 29. Mahali kadhaa mistari yote miwili imejaa kwa wakati mmoja, maana yake nilikuwa nazungumza juu ya maneno yake.

Dakika ya 11 inasikika zipu. Mama anafungua mkoba alioupakata tangu aingie, anatoa futi ya kushonea iliyofutika nambari. Anasema futi hiyo imepima vifua vya wafalme watatu na magavana wawili, wote wa uongo. Nacheka kidogo, kisha nasoma swali langu la nne.

Dakika ya 14 ndiyo inayoniuma zaidi. Anaeleza mchezo mmoja uliokuwa na askari wa mkoloni. Aliagizwa ashone sare ya kaki. Kitambaa alikinunua Biashara Street, kwenye maduka yaliyouza sare za shule. Anasema sare ile aliitia vifungo vinne badala ya vitano, akabadilisha rangi ya mshipi, na kofia akaiacha bila beji. Hapo ananyamaza, kama anayesubiri kuulizwa. Mimi nikasema, na sauti yangu inasikika wazi: "Sawa Mama, hapo tutarudi. Tuzungumzie kwanza siasa za wakati ule."

Hatukurudi.

Kitu nilichokuwa nakitafuta kilikuwa mezani mbele yangu. Mtu anaposhona vifungo vinne pale panapostahili vitano, tena kwa makusudi, ana sababu, na katika nchi ambayo mchezo wa kuigiza ulihitaji leseni ya serikali sababu hiyo ni siasa tupu. Lakini mimi siasa niliitambua tu ikija na jina la rais, la gereza au la sheria. Ilipokuja na uzi na sindano sikuijua.

Dakika ya 23 namuuliza, "Uliogopa?" Ni mara ya tatu. Mara mbili za kwanza alikuwa amenikwepa kwa adabu. Safari hii ananyamaza sekunde sita, kisha anasema: "Niliogopa. Usiku nilikuwa silali. Cherehani ilikuwa ya kukodi, na mwenyewe alikuwa ameniambia ikipotelea huko kwa maigizo nitailipa mpaka niingie kaburini."

Nikadakia: "Na serikali je?"

"Serikali iko, mwanangu. Hata leo iko."

Klipu

Ilikuwa Alhamisi, na kurasa zetu zilitaka kitu kifupi kabla ya kipindi kutoka Ijumaa. Mwenzetu wa mitandao alichukua "Niliogopa. Usiku nilikuwa silali," akairuka cherehani yote pamoja na mwenye cherehani na kaburi, akaunganisha na "Serikali iko, mwanangu. Hata leo iko." Chini akaweka muziki mzito. Juu akaandika kwamba huyu ni fundi aliyekosa usingizi kwa hofu ya serikali. Jumla sekunde 47, pamoja na picha za utangulizi.

Alinitumia niikague. Nilikuwa kwenye matatu, nimesimama. Niliitazama mara moja nikajibu "sawa." Kwa hiyo kosa hili simtwiki yeye. Aliyekuwa chumbani na mama, aliyesikia habari ya cherehani kwa masikio yake, ni mimi.

Klipu ilienda mbali kuliko kitu chochote tulichowahi kuweka. Watu walimpongeza kwa ushujaa. Wengine walimuuliza mbona amenyamaza miaka yote hiyo. Jumapili, baada ya kanisa, mjukuu wake akamwonyesha. Jioni wanawake wa chama chake cha kuweka akiba walikuwa wameshaiona, na jirani mmoja akaja mpaka mlangoni kumuuliza: "Mama, na uchaguzi wa 2027 unakuja, wewe umeanza kutafuta nini?"

Jumatatu kabla ya saa moja asubuhi simu yangu ikalia. Hakupaza sauti. "Mwanangu," alisema, "hayo maneno ni yangu, lakini sikuyasema hivyo."

Sentensi hiyo ndiyo kisa chote. Mahojiano hayana njia nyepesi ya kudanganya kuliko hii: sauti ni ya mwenyewe, uso ni wake, kila neno limetoka kinywani mwake, na bado jambo linalosemwa si lake. Ukimsingizia mtu maneno anaweza kukana. Ukiyapanga upya maneno yake mwenyewe, atakana nini?

Hoja ya mwenzangu, na kwa nini nimeikataa

Tulipokutana asubuhi hiyo, mwenzangu anayehariri alileta hoja ambayo siwezi kuipuuza, maana ni mtu makini na alikuwa na hasira ya haki. Alisema hofu ya miaka ile haikubuniwa na klipu yetu. Watu walikamatwa kweli, watu walikimbilia ng'ambo kweli. Kama huyu mama aliogopa cherehani, kuna mia wengine walioogopa serikali ambao hawataishi kuhojiwa. Klipu, kwake, ilikuwa na makosa kwa mtu mmoja na ukweli kwa wengi.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa miezi. Naikataa kwa sababu moja kubwa. Wapo Wakenya wanaotaka tuamini kwamba miaka ile haikuwa mibaya hivyo. Wanachohitaji ni ushahidi mmoja tu uliopikwa. Wakiupata watauinua juu na kuuliza: kama huu ni wa kughushi, na ile mingine je? Kadiri mateso yalivyokuwa ya kweli, ndivyo rekodi inavyotakiwa kuwa safi. Aliyelala Kamiti kweli hasaidiwi na fundi aliyewekewa hofu isiyokuwa yake.

Na kuna jambo jingine dogo ambalo mimi naliona kubwa. Cherehani ya kukodi ilikuwa habari. Msichana wa mjini, asiye na mashine yake, anaipeleka mashine ya watu kwenye ukumbi ambao polisi wanaweza kuingia wakati wowote. Ikichukuliwa, yeye ndiye atakayelipa. Hapo pana hali ya uchumi, pana hali ya wanawake, pana gharama ya sanaa kwa mtu wa chini, vyote ndani ya pumzi moja. Tulitupa kiini tukabaki na maganda.

Fomu

Mama alikuwa ametia sahihi fomu ya idhini. Ndiyo, na nimeona aibu kuitazama tena. Kurasa mbili za Kiingereza cha kisheria tulizozitoa mtandaoni, zenye kifungu kinachotupa ruhusa ya kuhariri kwa namna yoyote. Mama husoma Kiswahili vizuri na Kikuyu vizuri zaidi. Aliweka sahihi kwa sababu alitupa heshima, na kwa sababu tulimwekea kalamu mkononi huku chai ikipoa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini iwe ya hiari, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyeelezwa. Inampa mwenye taarifa haki ya kutaka taarifa za uongo au za kupotosha zirekebishwe au zifutwe. Ni kweli sheria hiyohiyo inawaachia nafasi waandishi wa habari na wasanii pale ambapo maslahi ya umma yanadai. Sidhani tungeweza kujificha hapo. Kuficha cherehani hakukumnufaisha mwananchi yeyote. Kulinufaisha hesabu yetu ya watazamaji. Ibara ya 33 ya Katiba, ile tunayoipenda sisi wenye vipaza sauti, inatupa uhuru wa kujieleza, kisha ndani ya ibara hiyohiyo inamtaka anayeutumia aheshimu haki na sifa ya mwenziwe. Nayo maadili ya uandishi yaliyowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanadai habari potofu isahihishwe upesi.

Sitaki kukaa sana kwenye sheria. Mama hakututishia mahakama. Alichotaka ni tuje.

Nyumbani kwake

Klipu tuliiondoa Jumatatu hiyo kabla ya adhuhuri, na kipindi kizima tukakishusha pia. Kwenye kurasa zilezile tukaweka maelezo kwa sauti yangu: nini kilikatwa, nani aliidhinisha, na mama alisema nini hasa. Tuliyaacha juu kabisa ya kurasa kwa wiki mbili, muda mrefu kuliko klipu yenyewe ilivyokaa. Kisha Jumamosi mimi na mhariri tukaenda Eastlands na sukari, unga na majani ya chai. Mjukuu alikuwepo. Mama alipokea vitu, akaviweka kando, akasema chai itakuja baada ya maneno. Nikaomba msamaha mbele ya mjukuu wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba aibu ya kumwonyesha. Mama alikaa kimya kitambo, halafu akaweka masharti: tukirudia, tunarudia hapa kwake, yeye akishona, na kabla ya kitu chochote kutoka atasikiliza mwanzo hadi mwisho.

Wiki iliyofuata tulirudi na kinasa sauti kidogo tu. Cherehani ya kukanyaga hutikisa meza nzima na mtikisiko unaingia kwenye rekodi kama ngurumo, kwa hiyo mhariri alikiweka kinasa juu ya stuli ya pembeni, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Karatasi ya maswali sikuwa nayo. Nilikuwa na kipande cha kaki, nusu mita, nilichokipata Biashara Street asubuhi hiyo. Nilimpa, nikamwambia: "Mama, siku ile ulitaja vifungo vinne."

Alikikunja kile kitambaa, akakinusa, akasema cha siku hizi ni chepesi. Kisha akaeleza. Alimwona askari akilinda benki mjini, akasimama ng'ambo ya barabara akahesabu vifungo vyake: vitano. "Nikasema mimi natia vinne. Wakija kunishika waseme nimevalisha mtu sare ya serikali, nitawaambia hesabuni."

Akakanyaga mashine kidogo, akasimama, akaendelea. Akasimulia mtu aliyekuja usiku wa pili wa mchezo na kukaa safu ya tatu. Wenzake hawakumshuku. Yeye alimjua kwa koti. "Halikuwa lake. Mabega yalikuwa ya mtu mpana. Mtu akinunua koti kwa pesa yake hawezi kukubali mabega yale. Lile alipewa kazini." Akachukua pini mbili akazichomeka kwenye pazia la upande wa kuingilia jukwaani, mahali waigizaji wanapopita. Pini moja maana yake nguo ya mtu imechanika. Pini mbili maana yake yuko mgeni, rukeni yale maneno. Wakayaruka. Mchezo ukawa mfupi kwa dakika chache, watazamaji wakapiga makofi, na yule wa safu ya tatu akarudi na koti lake.

Hakuna mahali nilipowahi kusoma habari ya pini mbili. Udhibiti wa jukwaa tunausimulia kwa leseni zilizoondolewa na waandishi waliofungwa, na ni haki kufanya hivyo, lakini usiku kwa usiku uliamuliwa hivi pia, na fundi anayepima mabega ya mtu kwa jicho akiwa gizani.

Nilimuuliza maswali tisa kwa saa moja na nusu. Swali la hofu sikulitoa mimi. Alilirudia mwenyewe, akiwa anakata uzi kwa meno: "Usiku wa yule mtu, hapo niliogopa serikali. Ungeniuliza vizuri siku ile ningekuambia. Ile ya cherehani ilikuwa hofu nyingine."

Alisikiliza kipindi chote kwa simu ya mjukuu, siku mbili. Aliomba kitu kimoja kitoke: jina la mwigizaji alilolitaja, kwa kuwa watoto wa mtu huyo wapo na hakuwahi kuwauliza. Mhariri alitaka kuunganisha sauti ili pengo lisisikike, kazi anayoiweza vizuri sana. Safari hii tulikubaliana tofauti. Tuliacha ukimya wa sekunde mbili, ili msikilizaji ajue kuna kitu kimetolewa.

Fomu yetu sasa ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, na naisoma kwa sauti huku kinasa kikiwa kimewashwa, pamoja na habari ya klipu. Klipu yoyote mgeni anaisikia kwanza. Imetugharimu: mara mbili mgeni amekataa na Ijumaa tukaingia bila kitu cha kutangulizia kipindi. Kipindi cha pili cha mama kimesikilizwa na watu wachache mno ukilinganisha na waliotazama zile sekunde 47, na sioni njia ya kulibadilisha hilo.

Klipu yenyewe haijafa. Tuliishusha kwetu, lakini watu walikuwa wameshaihifadhi. Mwezi uliopita binamu yangu alinitumia kwenye kundi la familia la WhatsApp, picha imefifia, nembo yetu imekatwa, na hakujua kwamba sauti inayouliza "Na serikali je?" ni yangu. Nikamtumia kipindi cha pili, nikamwandikia aanze pale mama anaponusa kile kitambaa cha kaki. Alama mbili za buluu zilitokea palepale. Bado hajajibu.